Wasia wa Mama na Nyumba ya Mpakani: Uhakiki wa Mausia ya Ndoa katika Fasihi Yetu

Mji wa Tunduma umekaa mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inavuka mpaka na kuingia Zambia. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, na Wanyamwanga, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa nchi hiyo, wanaishi pande zote mbili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapo. Na tangu mwaka 2016 mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Katika nyanda hizi Wakristo ndio wengi, kwani wamisionari wa Kimoravian walikwishaweka kituo chao Mbozi mwishoni mwa karne ya 19. Waislamu ni wachache, na wengi wao, au wazazi wao, waliletwa na biashara, udereva, na kazi za reli na forodha. Huyu ametoka Tanga, yule Ujiji, mwingine Kondoa au Kilwa.

Darasani, hata hivyo, watoto wa watu hawa wote hukaa dawati moja, na mwalimu wa fasihi huwasomesha tenzi zile zile. Mojawapo ni Utenzi wa Mwana Kupona, ambao ndani yake mama Mwislamu anamwusia binti yake namna ya kuishi na mume. Mwalimu anayeufundisha utenzi huo katika mji wa mpakani hana budi kukabiliwa na maswali mawili. Mwanafunzi Mwislamu huuliza: je, hivi ndivyo dini yangu inavyoniamuru, na basi? Mwanafunzi wa dini nyingine naye huuliza: haya yananihusu nini, hali ninaishi katika nchi isiyo na dini?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo. Rai yangu ni hii: mausia ya ndoa katika fasihi yetu yalitungwa ndani ya nyumba iliyozungukwa na ukoo, na ukoo huo ndio uliomzuia mume asidhulumu. Anayeyasoma leo mahali ambapo ukoo haupo, akayatumia kama hukumu, humtwisha mke wajibu wote na kumnyima ulinzi wote. Kwa hiyo yatupasa tuyasome pamoja na vile vilivyochukua nafasi ya ukoo, yaani maandishi, mashahidi, baraza la usuluhishi na sheria ya nchi.

Wasia wa Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate yapata mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, ambaye kwa miaka mingi alipambana na utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1858, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa beti 102, akauandika kwa herufi za Kiarabu. Haukupita muda mrefu naye akafariki. Mwaka 1934 utenzi huo ulichapishwa kuwa kitabu kwa uhariri wa Alice Werner na William Hichens, na tangu hapo umekuwa mali ya kila asomaye Kiswahili, awe wa Lamu au wa Mbozi.

Utenzi unaanza kwa mama kumwita binti yake aketi karibu naye, akiwa na wino na karatasi. Wasia wenyewe anaufananisha na pambo la kuvaliwa shingoni. Kisha anamfundisha kushika dini, kuwa na adabu na kuuchunga ulimi. Ndipo anapofika kwenye kiini cha wasia wake: mwanamke ajitahidi kupata radhi za watano, nao ni Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Mume ametajwa wa mwisho, lakini ndiye aliyepewa beti nyingi. Mke aiweke nyumba yake safi, ajipambe, asitoke bila ruhusa, amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Mwishoni mama anaomba dua ndefu, akiwaombea wanawe na jamaa zake, na anawahimiza wanawake wenziwe wausome wasia huo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wahakiki wengi, wakiongozwa na fikra za kitabaka, waliuona utenzi huu kuwa chombo cha mamwinyi cha kumdumisha mwanamke katika unyonge. Hoja yao ina uzito. Nyumba inayoelezwa ni nyumba yenye watumwa, na binti anaonywa asijichanganye nao ila kwa kazi. Mwanamke auzaye maharage sokoni Tunduma hana mtumwa wa kumfagilia ua, na hawezi kuketi nyumbani akingoja ruhusa ya mume aliye njiani kuelekea Lusaka. Wahakiki wengine walikuja na maoni tofauti, wakasema kwamba mama huyu ni mwerevu. Anamfundisha binti yake jinsi ya kumtawala mume kwa upole, kwani anayefananishwa na mtoto mchanga hawezi kuwa ndiye bwana wa yote. Hoja hii nayo haikosi ukweli.

Hata hivyo, pande zote mbili za wahakiki hao zilimtazama mke na mume peke yao, kana kwamba nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Haikuwa hivyo. Mwana Hashima alikuwa binti wa mtawala wa Siu. Nyuma yake walikuwako ndugu, wajomba na ami zake, na mashekhe waliomjua tangu alipozaliwa. Mume ambaye angempiga, kumnyima chakula au kumfukuza usiku, angeulizwa na watu hao kabla jua halijachomoza. Mtunzi hakuwa na haja ya kumtungia mkwewe beti za onyo, maana onyo lilikuwa likiishi mtaa huo huo. Si bure kwamba utenzi unafungwa kwa dua ya kuwaombea jamaa. Jamaa ndio nusu ya pili ya wasia huo, ijapokuwa haikuandikwa kwa beti.

Basi kasoro si ya Mwana Kupona. Yeye alisema na binti yake, tena kwa lugha ya mama mgonjwa anayempenda. Kasoro ni ya msomaji wa baadaye anayeung'oa wasia katika nyumba yake, akaupachika mahali pasipo na ami wala mjomba, halafu akasema: haya ndiyo maneno ya dini kwa kila mke.

Baba mwenye watoto wawili

Tukitoka Siu na kuja Tanga, twamkuta mwusiaji wa namna nyingine. Shaaban Robert aliishi kati ya mwaka 1909 na 1962. Alikuwa Mwislamu, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumikia serikali ya kikoloni iliyokuwa ya watu wa dini nyingine. Kuanzia mwaka 1926, kwa muda wa miaka 18 hivi, alikuwa karani wa forodha. Karani wa forodha wa Tunduma anayeishi mbali na kwao, akipokea mshahara wa serikali na akitafuta msikiti wa kuswali Ijumaa, angeyaelewa vizuri maisha yake.

Katika kitabu chake Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini zimo tenzi mbili za wasia. Moja ni Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na ya pili ni Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Mama wa watoto hao, Amina, alikuwa amefariki, na Shaaban Robert alimwomboleza kwa shairi lenye jina lake. Hapa mwusiaji ni baba, na mausia yake yana masikio mawili, la binti na la mwana. Hata majina yanafundisha. Hati ni maandishi yanayothibitisha jambo. Adili ni mwenendo wa haki.

Hatua hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Shaaban Robert hakuwa mtawala wa mji, na watoto wake hawakuwa na ngome ya Siu nyuma yao. Mtumishi wa serikali huhamishwa leo huku, kesho kule, na ukoo wake hubaki nyuma. Mzazi wa namna hiyo akimwusia binti peke yake, atakuwa amefanya nusu ya kazi, kwa kuwa hana hakika ni nani atakayemwonya mwanamume. Kwa hiyo anamwonya yeye mwenyewe, angali mtoto. Mwalimu anayefundisha Utenzi wa Mwana Kupona bila Utenzi wa Adili anarudia kosa ambalo Shaaban Robert alikwisha kulisahihisha.

Mausia katika nathari

Karne ya 20 ilileta mausia ya nathari. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi kati ya mwaka 1891 na 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia Waislamu juu ya dini na mwenendo wao chini ya serikali ya Waingereza. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baada yake alikuja Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, mwalimu na mfasiri wa Kurani, ambaye aliwahi kuwa kadhi Zanzibar na kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, na aliyefariki mwaka 1982. Miongoni mwa vitabu vyake ni Ndoa, Talaka na Maamrisho Yake.

Maandishi haya yanatofautiana na tenzi kwa jambo moja kubwa. Utenzi hufundisha adabu, na kitabu cha fikihi hufundisha haki na masharti. Humo msomaji hujifunza kwamba mahari ni mali ya mke mwenyewe. Kwamba mume hulazimika kumlisha, kumvisha na kumpa makazi. Kwamba talaka ina hesabu na eda. Na kwamba mke naye ana njia ya kudai kutoka katika ndoa. Lakini waandishi hawa walikuwa makadhi. Walipoandika kwamba mume amefanya lisilofaa, walikuwa na kiti cha kuhukumia. Msomaji wao wa Lamu au wa Unguja alijua mlango wa kubisha. Kitabu hicho hicho kikisomwa mahali ambapo kadhi hana nguvu ya kukaza hukumu, haki zilizoandikwa hubaki karatasini, isipokuwa zipate mlango mwingine.

Nchi isiyo na dini

Sasa tuutazame mlango huo. Katika Tanzania Bara, mahakama zilizokuwa za makadhi na maliwali ziliondolewa kwa mageuzi ya mahakama ya mwaka 1963, na mashauri ya ndoa za Waislamu yakaingia katika mahakama za kawaida. Mwaka 1968 ikaundwa BAKWATA. Mwaka 1969 Serikali iliwawekea wananchi mapendekezo ya sheria moja ya ndoa, yakajadiliwa na watu wa dini zote na wa mila zote, na mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa. Katiba ya mwaka 1977, kama inavyosomeka baada ya marekebisho yake, inatamka kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu apendavyo.

Mpangilio huu si wa lazima kwa kila nchi, na Mswahili anayesafiri hukutana na mingine. Zanzibar inazo mahakama za kadhi. Kenya imezitambua mahakama hizo katika Katiba yake ya mwaka 2010. Ng'ambo ya Nakonde, Zambia ilijitangaza kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991. Kwa Tanzania Bara, pendekezo la kuzitambua mahakama za kadhi kwa sheria lilifikishwa Bungeni mwaka 2015, likaondolewa. Mwislamu wa Tunduma, basi, hutembea dakika chache na kuhama kutoka nchi isiyo na dini hadi nchi iliyojitangazia dini isiyokuwa yake.

Je, Sheria ya Ndoa ya 1971 imeyafuta mausia ya dini? Wapo wanaodhani hivyo bila ya kuisoma. Sheria hiyo inaikubali ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu, na inaihesabu kuwa ndoa inayoweza kuwa ya wake wengi. Lakini kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Na juu ya talaka, sheria inataka kwanza mgogoro ufikishwe mbele ya baraza la usuluhishi. Kwa ndoa ya Kiislamu kipo kifungu cha 107(3), ambacho kila shekhe na kila mwalimu angefaa kukijua. Baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akatenda tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika isiweze kutengenezeka, nayo itatoa talaka. Maana yake ni kwamba neno la talaka halikufutwa. Limepewa mahali pake katika mstari: kwanza usuluhishi, kisha neno, kisha hati ya mahakama.

Mfano wa nyumba moja

Tubuni mfano ili jambo hili lieleweke. Mwanamke wa Ujiji amekuja Tunduma kuuza dagaa. Anaolewa na dereva wa lori, mtu wa Tanga. Walii wake yuko Ujiji na ametoa idhini kwa simu. Shekhe wa msikiti anafungisha ndoa mbele ya mashahidi wawili, watu wanakula pilau, wanatawanyika. Hakuna aliyeuliza habari za cheti. Miaka 9 inapita. Wanajenga nyumba ya vyumba vitatu, mume akileta saruji na mke akilisha mafundi na kulea watoto wawili. Siku moja, mume akiwa safarini, unakuja ujumbe wa simu wenye neno moja: talaka. Siku ya pili nduguye mume anafika na kumtaka mke aondoke.

Majirani wanamwambia nini mwanamke huyu? Aghalabu huambiwa asubiri, anyamaze, asimwaibishe mume, maana radhi ya mume ni pepo. Wanarudia, pengine bila kujua, nusu ya wasia wa Mwana Kupona. Nusu ya pili, yaani jamaa, iko Ujiji, safari ya siku mbili.

Tuyapime sasa matendo ya mume kwa mizani ya dini yake mwenyewe. Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inaagiza kwamba mfarakano ukihofiwa, apelekwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke. Hakupelekwa mtu. Sura ya At-Talaq inakataza kumtoa mke nyumbani wakati wa eda, na inataja mashahidi wawili waadilifu. Mke ametolewa, na shahidi ni simu. Kwa hiyo anayesema kwamba mume amefuata dini na kwamba sheria ya nchi ndiyo inayomwingilia, amekosea mara mbili. Mume hakufuata dini wala sheria. Amelichukua neno moja la dini na kuyaacha masharti yake yote.

Hapa ndipo twaona kazi ya baraza la usuluhishi. Aya inataka waamuzi kutoka kwa jamaa wa pande zote mbili. Katika mji ambao jamaa wa huyu wako Ziwa Tanganyika na wa yule wako Bahari ya Hindi, nani atasimama mahali pao? Baraza la kata, au baraza la BAKWATA kwa ndoa za Kiislamu, linaweza kuisimamisha ile haki ambayo zamani ilisimamishwa na ami na mjomba. Halikuja kuupinga wasia. Limekuja kuujaza ule upungufu uliotokana na watu kuhama.

Hali kadhalika maandishi. Sura ya Al-Baqara inawaamuru waumini kuandika deni la muda, dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la gunia la mpunga laandikwa, mbona ndoa isiandikwe? Sheria haisemi kwamba ndoa isiyosajiliwa si ndoa. Hata hivyo, mwanamke wa mfano wetu akifika mahakamani bila cheti ataanza kwa kuthibitisha kwamba aliolewa, na mashahidi wake huenda walikwisha kuhamia Kapiri Mposhi. Shekhe anayekataa kufungisha ndoa mpaka fomu ijazwe hawi karani wa serikali kwa kufanya hivyo. Anamwekea mke hati mahali pa ukoo.

Mahari na mali

Yako mambo mengine mawili ambayo mazingira ya Songwe yanatulazimisha kuyafikiri. La kwanza ni mahari. Katika mila za nyanda hizi mahari humwendea baba na ukoo wake, na ng'ombe ndio kipimo chake. Katika Uislamu mahari ni ya bibi arusi. Familia iliyosilimu au iliyooana na Waislamu huweza kuyachanganya mawili hayo, ikapokea ng'ombe na kumsahau binti. Kisha ndoa ikiharibika ukoo hukataa kumpokea, kwa kuogopa kurudisha ng'ombe. Hivyo binti hana mahari, na hana pa kurudi. Mausia ya dini, yakisomwa kwa ukamilifu, yanamtetea hapa kuliko mila inavyomtetea.

La pili ni mali iliyochumwa pamoja. Kifungu cha 114 cha sheria kinaipa mahakama mamlaka ya kuigawa mali hiyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambao walikuwa wanandoa Waislamu, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuipata mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu zaidi, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilitosha kuwa fungu lake. Lakini kanuni ilibaki, ikawafaa wengi waliomfuata. Mhakiki wa fasihi anapaswa kuitazama hukumu hii kwa makini. Kufagia, kupika, kumtunza mume kama mtoto: mambo yale yale ambayo utenzi wa mwaka 1858 uliyahesabu kuwa ibada, mahakama ya mwaka 1983 iliyahesabu kuwa jasho lenye thamani. Sioni kwamba hesabu moja inaivunja nyingine. Ibada ina malipo yake kwa Mungu, na jasho lina malipo yake duniani.

Pingamizi mbili

Zipo pingamizi mbili ambazo haifai kuzinyamazia. Ya kwanza hutoka kwa baadhi ya waumini. Wanasema kwamba ndoa ni ibada, na Serikali isiyo na dini haina ujuzi wa ibada. Nakubali kwamba hakimu asiyejua eda ni nini anaweza kukosea, na kwamba sheria imewahi kukosea. Kifungu cha 13 kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na mvulana aoe akiwa na 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliona kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari liwe kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Kumbe sheria nayo husahihishwa. Ila waumini wenye pingamizi hii wangejiuliza: ikiwa mlango wa Serikali utafungwa, ni mlango gani ulio wazi kwa yule mama wa dagaa? Kama hakuna, basi anayefaidika na pingamizi ni mume mdhalimu, wala si dini.

Pingamizi ya pili hutoka kwa wale wanaojiita watu wa maendeleo. Wanasema kwamba nchi isiyo na dini ifundishe sheria tu, na tenzi za wasia ziachwe makumbusho. Hawa wanasahau kwamba sheria huingia nyumbani baada ya ugomvi. Haimfundishi mtu upole kabla ya ugomvi, wala haiwezi kumfanya mume ajisikie haya. Kazi hiyo hufanywa na maneno ya wazazi, na maneno ya wazazi yetu sisi yamehifadhiwa katika tenzi. Isitoshe, mtoto wa Kimoravian wa Tunduma hupewa na bibi yake mausia yanayofanana sana na ya Mwana Kupona, na baba yake huenda alioa kanisani lakini ng'ombe hawajakwisha. Swali la mwenziwe Mwislamu ni swali lake pia.

Wajibu wa mwalimu

Nini basi kifanyike darasani? Kwanza, Utenzi wa Mwana Kupona usomwe kwa heshima na kwa ukamilifu, pamoja na dua ya mwisho ambayo wengi huiruka. Wanafunzi waulizwe: ni nani waliokuwa wakiishi karibu na binti huyu? Pili, usomwe Utenzi wa Adili sambamba nao, ili wavulana wasidhani kwamba wasia ni shughuli ya wasichana. Tatu, wanafunzi wakubwa wavisome vifungu vichache vya Sheria ya Ndoa kwa Kiswahili rahisi, hasa vinavyohusu usajili, usuluhishi, kipigo na mgawanyo wa mali. Nne, waandike wasia wao wenyewe, kila mmoja akimwandikia ndugu wa jinsia nyingine, anayekwenda kuishi mji wa mbali. Wasichana wawaandikie kaka zao. Nadhani tutasoma mambo ambayo tenzi zetu za zamani hazikupata nafasi ya kuyasema.

Mama wa Siu alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Alijua kwamba yeye anaondoka na kwamba sauti yake haitabaki nyumbani ila kwa maandishi. Mama wa Tunduma naye anapomwoza binti yake kwa mtu wa safari, aanze kwa agizo hilo hilo. Wino na karatasi viwepo siku ya ndoa, viwepo siku ya kununua kiwanja, na ikibidi viwepo mbele ya baraza. Mausia mengine yatafuata, na binti atakuwa na nafasi ya kuyasikiliza kwa moyo mweupe, kwa sababu hatakuwa akiyasikiliza kwa hofu.